Kumwajibisha Kiongozi Kenya: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Maswali haya yameulizwa katika mabaraza ya wadi, kwenye stendi za bodaboda, katika vikundi vya akina mama, na kwa simu za usiku wa manane kutoka kwa watu ambao mtoto wao amekamatwa. Tumeyapanga kuanzia yale mepesi hadi yale yanayotusumbua sisi wenyewe. Si lazima uyasome kwa mfuatano, ila kama una kesi ya dharura nenda moja kwa moja sehemu ya maandamano na kukamatwa.

## Mambo ya msingi

Uwajibikaji ni nini kwa lugha ya kawaida?

Ni deni la kujieleza. Aliyepewa kazi na pesa za umma anapaswa kusema amefanya nini, aonyeshe stakabadhi, na abebe lawama akishindwa. Kifungu cha 1 cha Katiba ya 2010 kinasema mamlaka yote ni ya wananchi wa Kenya, na kwamba wanaweza kuyatumia wao wenyewe au kupitia waliowachagua. Watu wengi hukumbuka ile sehemu ya pili tu. Haya maneno "wao wenyewe" ndiyo yanayobeba majibu yote yaliyo hapa chini.

Barabara yetu haipitiki. Tumlaumu nani?

Ni swali la kwanza karibu katika kila baraza, na jibu lake ndilo huamua kama malalamiko yenu yatafika au yatazungushwa mwaka mzima. Jedwali la Nne la Katiba ndilo linalogawa kazi. Serikali za kaunti, zote 47, zimepewa zahanati na hospitali za kaunti, elimu ya chekechea, vyuo vya ufundi vya mashinani, masoko, maji, uzoaji taka na barabara za kaunti. Serikali ya kitaifa imebaki na polisi, shule za msingi na za upili, vyuo vikuu, hospitali kuu za rufaa na barabara kuu. Kwa hivyo walimu wakikosekana katika shule ya msingi, kumzomea gavana ni kujichosha bure. Na dawa zikikosekana zahanatini, mbunge hana bajeti ya kuzinunua hata akiapa mbele yenu.

Barabara zina utata wake. Kuna za KeNHA (barabara kuu), za KURA (za mijini) na za KeRRA (za vijijini), ambazo ni mamlaka za serikali ya kitaifa, na kuna za kaunti, na mpaka kati yao umezua ugomvi mkubwa. Wabunge na magavana wamevutana hadi mahakamani kuhusu shilingi bilioni 10.5 za ushuru wa ukarabati wa barabara, kila upande ukidai ni zake. Msikubali kupigwa danadana katikati ya ugomvi huo. Andikeni barua moja, nakala ziende kwa kaunti na kwa KeRRA au KURA, yenye swali moja tu: barabara hii iko chini ya nani? Atakayesema si yake, aseme hivyo kwa maandishi. Mkishapata jibu hilo, mna mtu wa kumdai.

Mbunge wetu hutoa basari na amejenga madarasa. Hiyo si ndiyo kazi yake?

Kazi ya mbunge kwa mujibu wa Katiba ni kutunga sheria, kuwawakilisha na kuichunguza serikali, ikiwemo kupitisha bajeti na kufuatilia inavyotumika. Hazina ya maeneobunge, ile CDF, ilianza mwaka 2003 na imejenga madarasa mengi; hakuna haja ya kulikana hilo. Lakini Agosti 2022 Mahakama ya Juu ilisema sheria ya 2013 iliyoisimamia inakiuka Katiba, na Septemba 2024 Mahakama Kuu ikasema vivyo hivyo kuhusu sheria ya 2015 iliyoichukua nafasi yake. Hoja ya msingi ni rahisi kuelewa: anayetakiwa kukagua matumizi hawezi pia kuwa mtumiaji.

Kuna hasara nyingine ambayo haisemwi sana. Mzazi aliyepewa basari huona haya kumuuliza mbunge alipiga kura gani kuhusu ushuru wa mafuta. Ile basari ni kodi yake mwenyewe inayomrudia, wala si hisani ya mtu. Aulize tu.

Si tungoje tukutane debeni?

Uchaguzi mkuu ujao ni Jumanne, Agosti 10, 2027. Kati ya uchaguzi mmoja na mwingine bajeti tano hupitishwa, mikopo husainiwa, na watu huteuliwa kushika ofisi ambazo zitadumu kuliko aliyewateua. Debe ni muhimu, na tunalizungumzia tena mwishoni, lakini debe halifungui faili ya zabuni iliyotolewa jana. Kungoja ndiko wanakokutegemea.

## Kupata habari na kufuata pesa

Watu husema serikali ni siri kali. Kuna njia halali ya kupata stakabadhi zake?

Ipo, na ndiyo silaha tunayoipendekeza kabla ya nyingine yoyote. Kifungu cha 35 kinampa kila raia haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa serikali, na Sheria ya Kupata Habari ya 2016 ikaweka utaratibu. Unaandika ombi kwa Kiswahili au kwa Kiingereza. Si lazima useme unaitakia nini hiyo habari. Asiyeweza kuandika anaruhusiwa kusema kwa mdomo, na afisa ndiye anayepaswa kuliandika ombi lake. Ombi lenyewe halilipiwi. Unaweza kutozwa gharama ya kunakili tu.

Ofisi ina siku 21 za kujibu. Ikiwa habari inahusu uhai au uhuru wa mtu, ni saa 48. Wakinyamaza au wakikataa, unapeleka malalamiko kwa Tume ya Haki za Utawala, ambayo wengi huiita Ombudsman, nayo ina uwezo wa kuagiza habari itolewe. Zipo habari ambazo sheria inaziacha nje, kama vile zinazogusa usalama wa taifa au maisha ya faragha ya mtu, lakini mkataba wa kujenga kisima si siri ya taifa.

Namna ya kuuliza ndiyo huleta tofauti. Ukiandika "naomba habari zote kuhusu maji", utajibiwa maneno matupu au hutajibiwa kabisa. Uliza hivi: mradi wa kisima cha mahali fulani ulipewa nani, kwa kiasi gani, tarehe gani, ulitakiwa kukamilika lini, na amelipwa ngapi hadi sasa. Maswali matano, ukurasa mmoja. Peleka nakala mbili, moja wabaki nayo, nyingine wakupigie muhuri wa kupokelewa wenye tarehe. Usiondoke bila muhuri. Siku 21 huhesabiwa kutoka pale, na tumewaona watu wazima wakitoka machozi kwa kukosa kuthibitisha tu kwamba waliwahi kuandika.

Ripoti za Mkaguzi Mkuu wa Hesabu ni nene na ngumu. Mtu wa kawaida azisome vipi?

Usisome yote. Mwaka wa fedha wa serikali huisha Juni 30, na Katiba inampa Mkaguzi Mkuu miezi sita kumaliza ukaguzi na kuwasilisha ripoti Bungeni au katika bunge la kaunti. Kwa hivyo ripoti hutolewa mwaka ukiwa tayari umepita, na hilo ni pungufu lake kubwa.

Tafuta jina la kaunti au taasisi yako, kisha nenda kwenye aina ya maoni aliyoyatoa. Anaweza kusema hesabu ni safi, au ni safi isipokuwa mambo fulani, au ni mbovu, au kwamba amekosa hata ushahidi wa kumwezesha kutoa maoni. Hilo la mwisho ndilo baya kuliko yote. Baada ya hapo tafuta miradi iliyokwama, malimbikizi ya madeni na mishahara. Chukua mradi mmoja unaoujua kwa macho, enda uupige picha, ulinganishe na kilichoandikwa. Picha moja ya ukuta usio na paa, ikiambatanishwa na ukurasa wa ripoti unaosema jengo limelipiwa, humtoa jasho kiongozi kuliko hotuba ya saa nzima.

Ripoti za Mdhibiti wa Bajeti nazo hutoka mara kadhaa kwa mwaka, kabla pesa hazijaisha, kwa hivyo zinafaa zaidi kwa anayetaka kuzuia kuliko anayetaka kulaumu.

Vikao vya ushirikishwaji wa umma vina maana, au ni maigizo tu?

Vingi vimekuwa maigizo. Tumeketi katika kikao cha bajeti ambako karatasi ziligawanywa asubuhi hiyo hiyo, zikiwa kwa Kiingereza cha kihasibu, watu wakapewa soda na nauli, wakatia sahihi orodha, na orodha ile ikawa ndiyo ushahidi kwamba wananchi walishauriwa. Hasira ya watu kuhusu jambo hili ni ya haki kabisa.

Hata hivyo usisusie. Ushirikishwaji umetajwa katika Kifungu cha 10 kama mojawapo ya maadili ya taifa, Kifungu cha 118 kinalibana Bunge, na cha 196 kinabana mabunge ya kaunti. Mahakama zimewahi kufuta sheria kwa sababu yake. Ila ulinzi huo hauna uhakika: Julai 2024 Mahakama ya Rufaa iliibatilisha Sheria ya Fedha ya 2023, sababu mojawapo ikiwa ni namna maoni ya umma yalivyoshughulikiwa, na Oktoba mwaka huo huo Mahakama ya Juu ikautengua uamuzi huo. Anayekwenda mahakamani kulalamika kwamba hakusikizwa anahitaji kuonyesha alijaribu kusikizwa. Kwa hivyo maoni yapelekwe kwa maandishi, hata kama umezungumza kikaoni, na nakala yake ipigwe muhuri kama tulivyoeleza kuhusu barua za kuomba habari.

Jambo la pili ni wakati. Wengi huamka Juni, bajeti inaposomwa. Kufikia hapo mambo yamekwisha kupikwa na kupakuliwa. Kwa kaunti, mpango wa maendeleo wa mwaka unapaswa kufika kwenye bunge la kaunti kufikia Septemba 1, taarifa ya mkakati wa fedha kufikia Februari 28, na makadirio ya bajeti kufikia Aprili 30. Mradi ambao haukuingia kwenye mpango wa Septemba ni vigumu sana kuupata Juni. Wekeni tarehe hizi ukutani mwa kikundi chenu.

## Kumdai, kumshtaki, kumwondoa

Tunaweza kulipelekea Bunge ombi rasmi?

Ndiyo. Kifungu cha 119 kinampa kila mtu haki hiyo, hata kama ni mmoja peke yake. Ombi linaeleza tatizo, juhudi zilizofanywa kulitatua, kama liko mahakamani au la, na unachotaka Bunge lifanye. Linaweza kupitia kwa mbunge au kwa Karani wa Bunge moja kwa moja. Kuna pia njia hiyo hiyo katika Seneti na katika bunge la kaunti.

Je, tunaweza kumrudisha mbunge nyumbani kabla ya muda wake?

Katiba inasema ndiyo, katika Kifungu cha 104. Sheria inayopaswa kuwezesha hilo ndiyo tatizo. Sheria ya Uchaguzi ya 2011 iliweka masharti mazito mno: sahihi za asilimia 30 ya wapiga kura waliosajiliwa, tena ilitaka kwanza Mahakama Kuu iwe imempata mbunge na hatia ya makosa fulani. Mwaka 2017 Mahakama Kuu ilifuta baadhi ya vifungu hivyo kwa kuwa vilikuwa vinaua haki yenyewe. Ungetarajia Bunge liandike upya kwa haraka. Miaka ikapita, na wale wanaopaswa kuitunga sheria ni wale wale watakaoondolewa kwayo.

Kwa hiyo anayekuuzia fomu za sahihi za kumwondoa mbunge, mwulize kwanza anategemea sheria ipi. Haki hii si ya kuacha. Inahitaji kudaiwa hasa hapo ilipokwama: mwombe mbunge wako aseme hadharani kama ataunga mkono sheria mpya ya kuwaondoa wabunge. Jibu lake, au kigugumizi chake, kitawafunza mengi.

Na gavana?

Gavana haondolewi na wapiga kura moja kwa moja. Bunge la kaunti hupiga kura, theluthi mbili ya wajumbe wote wa bunge hilo wakihitajika, kisha Seneti huamua. Njia hii imefanya kazi zaidi ya mara moja. Ferdinand Waititu wa Kiambu aliondolewa Januari 2020, Mike Sonko wa Nairobi Desemba mwaka huo, na Kawira Mwangaza wa Meru Agosti 2024. Martin Wambora wa Embu aling'olewa mara mbili mwaka 2014 na mahakama zikamrudisha.

Hata Naibu Rais aliondolewa: Rigathi Gachagua, Oktoba 2024, ndani ya siku tisa kati ya kura ya Bunge la Kitaifa na ile ya Seneti. Tunalitaja kwa tahadhari. Kasi ile ilionyesha kwamba chombo hufanya kazi haraka sana wakubwa wanapokitaka, na mwananchi ana haki ya kuuliza kwa nini hakiendi kasi hiyo pale mlalamishi anapokuwa yeye.

Sina pesa za wakili. Naweza kwenda mahakamani?

Unaweza. Kifungu cha 22 kinamruhusu mtu yeyote kufungua kesi haki za msingi zinapokiukwa, kwa niaba yake, ya mwingine asiyeweza, au kwa maslahi ya umma. Kinasema pia kwamba hakuna ada ya kuanzisha kesi kama hiyo, na kwamba mahakama inaweza kupokea hata hati zisizo rasmi panapohitajika. Okiya Omtatah, ambaye si wakili, aliishtaki serikali mara nyingi na kujitetea mwenyewe kabla ya Wabusia kumchagua kuwa seneta mwaka 2022.

Kushinda kesi si kumaliza safari. Novemba 2023 Mahakama Kuu iliufuta ushuru wa nyumba za bei nafuu unaokatwa kwenye mishahara. Machi 2024 ulikuwa umerudi kwa sheria mpya, asilimia 1.5 ile ile. Ushindi mkubwa zaidi wa aina hii ulikuwa dhidi ya BBI, mpango wa serikali wa kubadilisha Katiba, ambapo wananchi waliishtaki serikali na Machi 31, 2022 Mahakama ya Juu ikathibitisha kwamba Rais hawezi kuanzisha mabadiliko ya Katiba kwa njia iliyotengewa wananchi. Ukipoteza, mahakama inaweza kukuagiza ulipe gharama, ingawa katika kesi za maslahi ya umma mara nyingi kila upande hubeba zake. Ongea na mashirika ya msaada wa kisheria kabla ya kufungua kesi.

Kwa nini EACC hukamata watu kila mwezi na hakuna anayefungwa?

Kwa sababu EACC, tume ya maadili na kupambana na ufisadi, huchunguza tu. Uamuzi wa kushtaki ni wa Mkurugenzi wa Mashtaka ya Umma, na hukumu ni ya mahakama. Faili inaweza kulala katika kituo chochote kati ya hivyo vitatu, na mwaka 2022 tuliona mashtaka dhidi ya watu kadhaa wenye vyeo yakiondolewa moja baada ya jingine, muda mfupi baada ya uchaguzi. Jambo lile liliwavunja moyo watu wengi waliokuwa tayari kutoa ushahidi.

Si kweli, hata hivyo, kwamba hakuna anayepatikana na hatia. Agosti 2024 aliyekuwa gavana wa Samburu, Moses Lenolkulal, alihukumiwa kifungo cha miaka minane au faini ya shilingi milioni 85. Februari 2025 Waititu naye akapewa miaka 12 au faini ya milioni 53.5. Utaona shida iko wapi: hiyo "au". Mtu aliyeiba anaweza kulipa faini kwa alichoiba, na mama aliyekosa dawa hospitalini hana cha kulipwa.

Ukiwa na habari za hongo unaweza kuripoti kwa EACC bila kutaja jina lako. Mwenye cheo anayeombwa au kuona hongo ana wajibu wa kuripoti ndani ya saa 24, kwa mujibu wa Sheria ya Hongo ya 2016.

## Maandamano na kukamatwa

Tunahitaji kibali cha polisi ili kuandamana?

Hapana. Rudia hilo kwa kila mtu. Unatoa taarifa, huombi ruhusa. Kifungu cha 37 kinalinda haki ya kukusanyika, kuandamana na kuwasilisha malalamiko, kwa amani na bila silaha. Sheria ya Utulivu wa Umma inataka msimamizi wa kituo cha polisi aarifiwe siku zisizopungua tatu na zisizozidi 14 kabla, mkutano au maandamano yawe kati ya saa 12 asubuhi na saa 12 jioni. Anaweza kupinga ikiwa kuna mkutano mwingine ulioarifiwa mapema mahali hapo au hatari ya wazi, na lazima aseme sababu. Hadi 1997 ilikuwa ni leseni, na walioandamana bila leseni ile walipigwa, wakafungwa. Waandamanaji wa Saba Saba ya 1990, na akina mama wa wafungwa wa kisiasa waliokusanyika Uhuru Park mwaka 1992, hawakuwa na kibali.

Taarifa nayo iwe na muhuri.

Mtoto wangu amekamatwa kwenye maandamano. Nianze wapi?

Anza kwa kujua kituo. Nenda au tuma mtu, uulize kama jina lake liko kwenye kitabu cha matukio, na uchukue nambari ya OB. Wakisema hayupo, nenda kituo cha karibu kinachofuata, na mjulishe wakili au shirika la haki mapema, kabla ya usiku kuingia.

Kifungu cha 49 kinampa haki ya kuambiwa sababu ya kukamatwa kwa lugha anayoielewa, kunyamaza, kuwasiliana na wakili, na kufikishwa mahakamani ndani ya saa 24, au siku ya kwanza ya kazi ya mahakama ikiwa saa hizo zimeangukia wikendi. Dhamana ya polisi ya ahadi tu (bond) hailipiwi. Ukitakiwa kulipa dhamana ya pesa taslimu, dai risiti. Pesa zisizo na risiti ni hongo, hata zikiitwa jina gani. Mwambie asitie sahihi maandishi ambayo hajayasoma.

Na akiwa hayupo kituo chochote?

Hapo hali ni ya dharura. Kufikia Desemba 2024 tume ya haki za kibinadamu, KNCHR, ilikuwa imerekodi visa 82 vya watu kutekwa tangu Juni mwaka huo. Andikisha ripoti polisi hata kama unawashuku, kisha upige simu KNCHR na wakili. Wakili anaweza kuiomba Mahakama Kuu iamuru mtu huyo aletwe mbele yake, au maelezo yatolewe yuko wapi. Haki ya kuomba amri hiyo ni miongoni mwa zile chache ambazo Kifungu cha 25 kinasema haziwezi kupunguzwa kwa sababu yoyote.

Andika kila kitu: saa, nambari ya gari, mavazi, nani aliona. Tafuta kamera za madukani siku hiyo hiyo, maana picha nyingi hufutika baada ya siku chache. Polisi wakijeruhi au kuua, malalamiko yanakwenda kwa IPOA, mamlaka huru inayochunguza polisi, na fomu ya P3, ile ya polisi ambayo daktari hujaza kuhusu majeraha, pamoja na ripoti ya daktari ndizo mwanzo wa ushahidi. Kesi hizi huchukua miaka. Tunakuambia mapema ili usidhani umekosea mahali.

Maandamano ya 2024 yalileta nini hasa?

Yalileta mengi, na yaligharimu uhai. Juni 25, 2024 wabunge 195 waliupitisha Mswada wa Fedha dhidi ya 106, na siku hiyo hiyo vijana wakaingia Bungeni. Kesho yake Rais William Ruto akasema hatausaini. Julai 11 akalifuta karibu baraza lote la mawaziri. Kizazi kilichoitwa cha mitandao kiliutafsiri mswada kwa lugha za mama, kikaeleza ushuru wa mkate na wa mafuta ya kupikia hadi bibi kijijini akauelewa. 

KNCHR ilihesabu watu wasiopungua 60 waliouawa. Baadhi ya mawaziri walirudi, wapinzani wakaingia serikalini, na Desemba sehemu ya mapendekezo ya ushuru ikapita kwa sheria nyingine. Kwa hivyo tukiulizwa kama maandamano yanafaa, jibu letu ni kwamba yalisimamisha mswada ambao barua hazingeusimamisha, na kwamba mswada ulirudi kwa mlango ambao hakuna aliyekuwa ameulinda. Wanaofuatilia kamati za Bunge Oktoba na Novemba, wakati barabara ziko kimya, ni wachache mno.

## Maswali magumu

Nimemkosoa kiongozi mtandaoni. Naweza kushtakiwa?

Kumkosoa si kosa. Kifungu cha 33 hakilindi uchochezi wa ghasia wala matamshi ya chuki, na sheria ya makosa ya kompyuta ya 2018 iliweka makosa ya kusambaza habari za uongo ambayo yametumika dhidi ya waandishi wa mitandaoni. Kaa kwenye stakabadhi: "ripoti ya ukaguzi inasema hivi" ni salama kuliko "huyu ni mwizi", na huuma zaidi. Usichapishe anwani ya nyumba ya mtu wala picha za watoto wake.

Mgombea akinipa pesa, nikazila na nikampigia kura mwingine, nimekosea?

Kisheria, ndiyo. Sheria ya Makosa ya Uchaguzi ya 2016 inamwadhibu anayetoa na anayepokea. Tunajua njaa ilivyo, na hatumhukumu mama aliyechukua mia mbili za unga. Lakini kila anayegawa pesa hupanga kuzirudisha, na zinarudishwa kutoka kwa ile bajeti ya zahanati.

Kwa nini tunabadilisha viongozi na mambo yanabaki yale yale?

Sehemu moja ya jibu ni kwamba tunabadilisha nyuso na kuacha ofisi zikiwa wazi. Kuanzia Januari 2023 hadi Julai 2025 IEBC, tume ya uchaguzi, haikuwa na kamishna hata mmoja aliye kazini. Maeneo yaliyopoteza wabunge yalikaa bila mwakilishi, na nchi ikavumilia. Mwaka 2017 Mahakama ya Juu ilifuta uchaguzi wa urais, jambo ambalo halikuwa limewahi kutokea Afrika, na wengi wetu tukafurahi kisha tukaenda zetu nyumbani bila kuuliza ni nani aliwajibika kwa makosa yaliyoutia doa.

Sehemu nyingine ni kabila. Kiongozi akishikwa na ufisadi husema "wanatuonea", na wenye kuibiwa zaidi, majirani zake, ndio wa kwanza kumkinga. Hili hatulitibu kwa sheria. Limeanza kulegea pale vijana wa sehemu mbalimbali walipogundua wanalipa ushuru ule ule.

Nimekata tamaa. Kura yangu itabadilisha nini?

Mwaka 2022 walisajiliwa wapiga kura zaidi ya milioni 22.1, na takriban asilimia 65 ndio waliojitokeza. Waliobaki nyumbani ni wengi kuliko pengo lililoamua urais, kwa mbali sana. Katika wadi, MCA, yaani mwakilishi wa wadi katika bunge la kaunti, anaweza kushinda kwa kura chache kiasi cha kuhesabika kwenye mazishi moja. Ukiwa na kitambulisho, jisajili mapema. Na siku ya kupiga kura, kaa umbali unaoruhusiwa hadi fomu ya matokeo ibandikwe kituoni, uipige picha.

Tuliandika barua, wakaipigia muhuri, na wiki sita zimepita bila jibu. Sasa?

Andikeni ya pili leo. Itaje tarehe ya ile ya kwanza, iambatanishe nakala yenye muhuri, na iseme kwamba siku 21 zimekwisha. Nakala moja iende kwa Ombudsman, nyingine kwa karani wa bunge la kaunti, na nyingine kwa redio ya eneo lenu, kwa maana watangazaji wa mashinani husoma barua hewani na wakubwa husikiliza redio hizo asubuhi wakiwa garini. Barua ya pili ipelekwe na watu watano badala ya mmoja, mwingine akiwa ni mzee anayeheshimika na mwingine kijana atakayeipiga picha mezani. Kisha muulize hapo hapo: afisa wa habari wa ofisi hii ni nani, na tumpate siku gani? Liandikeni jina lake.